Chemsha Kwanza, Gandisha Baadaye



Leo tuzungumze juu ya kibuyu cha maziwa mgando na chungu cha togwa. Vitu hivi tunavijua tangu utoto. Vimo katika nyumba nyingi hapa Dodoma, na kwa jirani zetu wa Singida na Manyara. Lakini kuna ubishi juu yake.

Wengine husema, "Kitu kikichacha hakina ubaya. Uchachu huua kila kitu."

Wengine, hasa sisi tuliosoma kidogo, husema, "Kilichochacha kimeoza. Kimwage."

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinakosea. Na kosa hilo si la maneno tu. Huwaumiza watoto, na huwaumiza wachungaji wetu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nitaanza na kosa langu, ili nisionekane nawacheka wengine.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nilisomea kazi hii kwa cheti, na bado ni kijana. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama mmoja kumpima mtoto wake uzito. Mtoto alikuwa na miezi kumi, na uzito wake ulikuwa mzuri. Nikamwuliza mama, "Huyu anakula nini zaidi ya ziwa?" Akanionyesha kikopo cha togwa ya uwele. Nikakinusa. Kilikuwa kichachu.

Nikamwambia, "Mama, hii imeharibika. Mwage. Mpikie mtoto uji mtamu."

Mama alinitii, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti jeupe. Alikwenda akapika uji mtamu. Lakini kwake kuni ziko mbali, na maji yako mbali. Hakuweza kupika mara tatu kwa siku. Alipika asubuhi, akafunika, akampa mtoto ule ule mchana na jioni. Baada ya wiki mbili alirudi. Mtoto alikuwa anaharisha, macho yamezama, mdomo umekauka.

Tulimpa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Tulimshukuru Mungu, mtoto akapona. Lakini nilipomwuliza mama habari za chakula, niliona aibu. Uji mtamu uliokaa kutwa kwenye joto ni shamba la vijidudu. Ile togwa niliyoiita mbovu ilikuwa na ulinzi wake. Mimi niliuondoa ulinzi huo, wala sikuweka mwingine mahali pake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za uchachu. Haya ndiyo niliyojifunza.

NDANI YA KIBUYU KUNA NINI?

Katika kibuyu mna vijidudu vingi sana. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Lakini si vijidudu vyote ni adui. Viko vinavyoleta kuhara, na viko vinavyotusaidia.

Vijidudu vyema vya maziwa hula sukari iliyomo ndani ya maziwa. Vikishakula, hutoa asidi. Asidi ndiyo ule uchachu unaousikia ulimini. Asidi ndiyo inayofanya maziwa yagande. Vijidudu vingi vya magonjwa havipendi asidi. Vikiwekwa humo havizaani vizuri, na vingi hufa. Hiyo ndiyo silaha ya kwanza ya maziwa mgando na togwa, nayo ndiyo kubwa.

Iko silaha ya pili, ambayo watu wengi hawaijui. Baadhi ya vijidudu vyema hutengeneza vitu vidogo viitwavyo peptidi. Peptidi ni nini?

Fikiri juu ya ushanga. Protini iliyo katika nyama, maharage na maziwa ni kama uzi mrefu sana wenye shanga nyingi. Peptidi ni kama uzi mfupi wa shanga chache. Peptidi moja maarufu ya vijidudu vya maziwa huitwa nisini. Uzi wake una shanga 34 tu. Lakini ni mkali. Ukikutana na kijidudu unachokiweza, hukitoboa ngozi. Ukitoboa kibuyu cha maji, maji hutoka yote. Ndivyo kijidudu hicho kinavyovuja mpaka kinakufa.

Kwa nini kijidudu cha maziwa kitengeneze silaha hiyo? Si kwa kutuhurumia sisi. Kinapigania chakula chake. Kinawafukuza jirani ili sukari ibaki yake. Sisi tunafaidika na ugomvi wao.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Mwaka 1928, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Rogers aliona kwamba baadhi ya vijidudu vya maziwa huwazuia wenzao wasikue. Mwaka huo huo, mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu unaua vijidudu. Jambo aliloliona Fleming ndilo lililotupatia penisilini. Jambo aliloliona Rogers halikupata sifa nyingi, lakini halikufa.

Mwaka 1933 watengeneza jibini wa New Zealand walikuwa na taabu. Vijidudu vyao vya kugandishia maziwa vilikuwa vinashindwa kazi. Mtaalamu Whitehead alitafuta sababu. Aligundua kwamba maziwa yenyewe yalikuwa na vijidudu vingine, navyo vilitoa kitu kinachowazuia wenzao. Mwaka 1947, Mattick na Hirsch wa Uingereza walikipa kitu hicho jina la nisini.

Mwaka 1969 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na wa Shirika la Afya Duniani walikubali nisini itumike katika chakula. Hata leo viwanda katika nchi nyingi huitia katika jibini na katika baadhi ya vyakula vya makopo, ili visiharibike upesi. Basi tazama, ndugu msomaji. Kitu hicho cha kiwandani kilitoka kwa vijidudu vya maziwa yaliyochacha, jamaa wa vile vilivyo katika kibuyu cha bibi yako.

Wala ulinzi wa namna hii hauko katika maziwa peke yake. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Michael Zasloff, alieleza habari za chura wa Afrika. Alikuwa akiwapasua vyura, akiwashona, na kuwarudisha katika maji machafu. Vidonda vyao vilipona bila usaha. Alipochunguza ngozi yao alikuta peptidi zinazoua vijidudu. Mwili wa binadamu pia una walinzi wake. Wamo katika machozi, katika mate na katika maziwa ya mama. Ndiyo maana tunasema dang'a lisimwagwe, na mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita.

ASKARI HUYU ANA MIPAKA

Mpaka hapa anayesema "uchachu huua kila kitu" atafurahi. Asubiri kidogo. Askari wa kibuyu ni askari kweli, lakini halindi kila mlango. Tuangalie mipaka yake.

Kwanza, si kila kibuyu kina nisini. Ni aina fulani tu za vijidudu vinavyoweza kuitengeneza. Huwezi kujua kwa kuonja.

Pili, nisini haiviwezi vijidudu vyote. Inaviweza vile vyenye koti moja, kama baadhi ya vijidudu vya majipu. Lakini vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya tumbo na vingi vya kuhara damu vina koti la pili kwa nje. Nisini peke yake hailipiti koti hilo. Hapo tunategemea asidi, moto na mikono safi.

Tatu, nisini haiui ukungu wala virusi.

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu wafugaji, kugandisha maziwa mabichi hakutoshi kuua vijidudu vya brusela wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. Brusela ndio ugonjwa unaomfanya ng'ombe au mbuzi atupe mimba. Vijidudu vyake vinaweza kukaa hai siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyochacha. Mtu akiyanywa anaweza kupata homa inayokuja na kuondoka. Hutoka jasho usiku, huumwa mgongo na viungo, na huchoka bila kazi. Mama mjamzito anaweza kuharibu mimba. Wengi hudhani ni malaria. Hunywa dawa ya malaria mara moja, mara mbili, mara tatu, na homa inarudi. Kama una homa ya namna hiyo, na kwenu mnakunywa maziwa mabichi, mweleze mganga wako habari za maziwa hayo. Usingoje akuulize.

Tano, nisini si dawa ya kumeza. Ikifika katika utumbo humeng'enywa kama nyama. Basi asije mtu akakuuzia chupa ya "maji ya mgando" kwa kutibu vidonda au kisonono. Huyo ni tapeli.

BIBI NA VIBUYU VIWILI

Niliyasema mambo haya katika darasa la kisomo cha watu wazima kijijini kwetu. Bibi mmoja alisimama. Akasema, "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Lakini maziwa yakichemshwa yamekufa. Hayagandi. Yananuka tu."

Nikamjibu, "Bibi, usemalo ni kweli. Limebaki neno moja tu, nalo tulijaribu kwa pamoja."

Tulichemsha maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Tukayaacha yapoe. Tukayagawa katika vibuyu viwili vilivyosafishwa kwa maji ya moto. Katika kibuyu cha kwanza hatukutia kitu. Katika kibuyu cha pili tulitia vijiko viwili vya mtindi niliounua dukani mjini. Tukafunika vyote viwili.

Kesho yake tulifungua. Kibuyu cha kwanza kilikuwa na harufu mbaya, na maziwa hayakuganda vizuri. Kibuyu cha pili kilikuwa kimeganda, kichachu, kina harufu nzuri. Bibi akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena. Kisha akasema, "Haya ni maziwa."

Kwa nini ilikuwa hivyo? Moto huua vijidudu vibaya, lakini huua na vyema pia. Maziwa yaliyochemshwa ni kama shamba lililolimwa likabaki tupu. Usipopanda mbegu, yataota magugu. Ukipanda mbegu njema mapema, itafunika shamba na magugu hayatapata nafasi. Bibi aliona sawa kwamba maziwa yamekufa. Lililobaki lilikuwa kuyapandia mbegu.

Bibi hakuishia hapo. Aliniuliza, "Na kuni, utaniletea wewe?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Hapa kwetu miti ni michache, na mama hutembea mbali kutafuta kuni. Jibu langu ni hili. Chemsha mara moja, maziwa yote ya siku. Ukishayagandisha hukaa siku kadhaa bila kuchemshwa tena. Kuni hizo ni chache kuliko gharama ya homa isiyokwisha. Na baba wa nyumba asikae kitako. Yeye ndiye mwenye ng'ombe. Atafute kuni pia.

NAMNA YA KUGANDISHA MAZIWA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kiwele cha ng'ombe. Kamua katika chombo safi.

2. Chuja maziwa kwa kitambaa safi. Yachemshe mpaka yapande, kisha yaache yachemke dakika chache huku ukikoroga.

3. Funika. Acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Dondosha tone moja juu ya mkono wako. Kama haliunguzi, ni tayari.

4. Tia mbegu. Vijiko viwili vya chakula vinatosha lita moja.

5. Tia katika kibuyu au chombo kilichosafishwa kwa maji ya moto na kukaushwa. Funika. Acha usiku kucha, au siku nzima kama kuna baridi.

6. Kabla hamjala, weka kando vijiko vichache katika chombo safi. Hiyo ndiyo mbegu ya kesho.

Angalia jambo moja. Mbegu ya kwanza isitoke katika maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe. Ukifanya hivyo utaichukua brusela uliyoiua kwa moto na kuirudisha kwa kijiko. Nunua mtindi wa dukani mara moja tu, au omba kwa jirani anayechemsha maziwa yake. Baada ya hapo mbegu itaendelea yenyewe. Siku ikiwa na harufu mbaya, au rangi ngeni, au ukungu, itupe na uanze upya.

TOGWA NA WATOTO WETU

Sasa turudi kwa yule mama niliyempotosha. Je, togwa yake ilikuwa na faida kweli, au ni hisia zangu tu?

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg waliandika habari za watoto wa vijijini. Watoto waliokunywa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko watoto wasiounywa. Mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake waliandika habari za uchunguzi mwingine. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa togwa mara moja kwa siku, kwa siku 13. Fungu la pili lilipewa uji usiochacha. Kabla ya kuanza, karibu watoto 28 kati ya kila 100 wa fungu la togwa walikuwa na vijidudu vibaya katika choo chao. Siku ya saba walikuwa wamebaki karibu 8 tu. Katika fungu la pili upungufu ulikuwa mdogo.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Norwe, walieleza aina za vijidudu vyema vilivyomo katika togwa. Ni jamaa wa vile vya maziwa mgando. Na katika ukoo huo wamo wenye kutengeneza peptidi zao wenyewe.

Basi togwa ni chakula cha kuheshimiwa. Tena kimea hulainisha uji. Mama anaweza kuupika mzito, wenye unga mwingi, na bado mtoto akaumeza. Mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi katika kikombe kidogo.

Lakini kumbuka kwamba kimea hutiwa baada ya uji kupoa kidogo. Hakipikwi tena. Kama kimea kimeanikwa chini penye kuku na mbuzi, uchafu huo unaingia katika kikombe cha mtoto. Anika kimea juu ya kichanja au mkeka safi. Kikikauka, pukusa mizizi na machipukizi uyatupe, kisha saga. Na nafaka yenye ukungu usiifanye kimea kamwe. Jambo hili la ukungu lina maneno yake peke yake.

MLANGO USIO NA ASKARI

Sisi wa Dodoma hatuwezi kuzungumza juu ya usalama wa chakula tukausahau mwaka 2016. Mwaka ule, kuanzia mwezi Juni, watu walianza kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ziliguswa wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto. Macho yaligeuka manjano. Matumbo yalivimba. Wengine walitapika. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao walifariki. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani, waliyoyalima wao wenyewe. Mahindi hayo yalikuwa na sumukuvu.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamepatwa na msiba kama huo mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui. Huko waliugua watu 317, na 125 walifariki.

Sumukuvu hutoka kwa ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga. Lakini sumu yenyewe si kijidudu. Haina uhai. Huwezi kuua kitu kisicho na uhai. Nisini haina la kuifanya. Kuchachusha hakutoshi kuiondoa. Hata kupika ugali au kuchemsha uji hakuiondoi. Hapo hakuna askari wa kibuyu wala wa chungu. Askari ni wewe, tangu shambani.

Vuna mapema mahindi yakikomaa. Usiyarundike chini. Yaanike juu ya turubai au kichanja mpaka yakauke kabisa, yaani punje ukiiuma ipasuke kwa kishindo. Karanga zianike zikiwa katika maganda yake. Usizimwagie maji wakati wa kubangua. Chambua punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zenye ukungu, uzitupe. Hifadhi mahali pakavu, juu ya chaga.

Tena punje mbovu usimpe ng'ombe au mbuzi wa maziwa. Akilishwa pumba au mashudu yenye ukungu, sumu huingia mwilini mwake, na sehemu yake hutoka katika maziwa. Kuchemsha hakutaiondoa. Kwa hiyo usalama wa maziwa huanzia katika hori la mnyama.

MAZIWA YANAYOKATAA KUGANDA

Liko jambo jingine ambalo limeleta ugomvi katika nyumba kadhaa. Mama anatia mbegu njema, lakini maziwa hayagandi. Leo hayagandi, kesho hayagandi. Watu wanaanza kunong'ona habari za jicho baya. Jirani anatazamwa vibaya.

Kabla hujamshuku jirani, uliza swali moja. Je, ng'ombe huyu amechomwa sindano siku hizi? Dawa za antibaiotiki anazochomwa ng'ombe hutoka katika maziwa kwa siku kadhaa. Dawa hizo huua vijidudu vya mbegu, na maziwa hukataa kuganda. Wala usidhani kwamba maziwa yakiganda ndiyo hayana dawa, kwa maana kiasi kidogo hakizuii kuganda. Kila dawa ina siku zake za kungoja, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Mwulize bwana mifugo akusomee. Siku hizo maziwa yasinywewe na watu wala yasiuzwe.

Kosa hili la kutumia dawa ovyo tunalo na kwa miili yetu. Mtoto akiharisha, wengi hukimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili. Humpa viwili leo, kimoja kesho, kisha huacha. Kuhara kwingi kwa watoto hakuhitaji antibaiotiki. Kunahitaji maji ya ORS, zinki, na chakula kiendelee. Fleming mwenyewe, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa ikitumiwa kidogo kidogo, vijidudu vitaizoea. Leo tunauona usugu huo zahanatini. Dawa iliyomponya baba haimponyi mwana.

Ndiyo maana wataalamu wa nchi nyingi wanazichunguza tena peptidi. Wanatafuta silaha mpya. Nawaombea wafaulu. Lakini sisi tusiwangoje. Moto tunao. Mbegu tunayo. Sabuni tunaweza kuipata.

MAONI YANGU

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasoma, wakazungumza, kisha wakachimba vyoo. Hawakungoja daktari aje kuchimba. Nadhani jambo la maziwa na togwa linataka vikundi vya namna hiyo.

Kwa waganga wenzangu nasema hivi. Tuache kuwaambia akina mama, "Mwaga." Kwanza tuulize chakula kimetengenezwaje. Tukiondoa kitu kizuri kwa sababu hatukijui, tutakuwa tumeleta ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe, kama nilivyofanya mimi.

Kwa wazazi wangu na ndugu zangu wafugaji nasema hivi. Tusimtwike askari mmoja kazi ya kijiji kizima. Uchachu una kazi yake, moto una kazi yake, na jua linalokausha mahindi lina kazi yake. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine.

Yule mama bado anakuja kliniki. Mtoto sasa anatembea. Nilimwomba radhi, nikamwambia arudie togwa yake, kwa kimea safi. Alicheka, akasema, "Daktari, mimi niliirudia zamani. Nilikuwa nakuogopa kukuambia."

Ndugu msomaji, usituogope. Tuambie mnachokula.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zenu, maziwa huchemshwa kabla ya kugandishwa? Kama hapana, ni kitu gani kinachozuia: kuni, ladha au mazoea?

2. Kwa nini mbegu ya kwanza isitoke katika maziwa mabichi?

3. Ni sumu gani ambayo uchachu hautoshi kuiondoa, wala moto hauiondoi? Kijiji chenu kitafanya nini wakati wa mavuno yajayo?

4. Nani kijijini anaweza kusoma siku za kungoja kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe? Mchagueni leo.